Mkate wa sinia mara mbili: ninunue sinia ya inchi 20 au ya 14?

Mpishi wa Mshomoroni

Asalaam aleikum jamaa zangu. Mimi napika mikate ya sinia nyumbani, huku Mshomoroni, Mombasa, nauza kwa oda. Sinia yangu ni ya inchi 10, ya aluminiamu, ukingo umesimama wima. Mchele nauroweka usiku, asubuhi nausaga na tui zito, sukari, iliki na hamira, naacha uumuke, kisha namimina na kupika kwa makaa, moto chini na moto juu ya kifuniko. Mkate mmoja shilingi 400.

Sasa nimepata oda ya arusi. Bi mkubwa mmoja wa Kizingo ataka mikate mikubwa, na maneno yake ni haya: kila mmoja uwe mara mbili ya huo wako wa kawaida. Nikamwambia nimpe miwili badala ya mmoja, hataki. Ataka mmoja mzima, uwekwe mezani watu wauone.

Nikaenda Marikiti kutafuta sinia. Mwenye duka hakufikiri hata kidogo: mara mbili ya 10 ni 20, akanishushia ya inchi 20. Nilipoiona nikasita. Hata kifuniko cha kuwekea makaa sijui ningekipata wapi. Binti yangu yuko Gredi ya 7, nilikuwa naye, akanivuta nguo: "Mama, wataka ya 14." Namuuliza 14 imetoka wapi, asema ni skwea ruti ya 2 mara 10. Akatoa simu kwenye mkoba wangu akanionyesha 1.41421356 na bado zaendelea. Mwenye duka akacheka, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Skwea ruti niliisoma zamani. Nakumbuka ya 9 ni 3, ya 16 ni 4, basi. Hiyo ya 2 sikuielewa, na yahusiana vipi na mkate ndiyo sijui kabisa. Nielezeni kwa lugha ya jikoni tafadhali. Na mniambie pia, hesabu hii kuna watu waitumia kazini, ama ni ya mtihani tu? Binti aniuliza na sina jibu la kumpa.

Jambo moja: kimo cha mkate sitaki kibadilike. Nikimimina kina kirefu, katikati hubaki tope na juu kushaungua.

Jirani wa Kongowea

Dada, mwenye duka hakukosea. Mara mbili ya 10 ni 20 tangu dunia iumbwe. Hawa watoto wa siku hizi simu zawachanganya. Chukua ya 20, kama ni kubwa sana mimina kidogo.

Fundi Kombamoyo

Jirani, ukimshauri hivyo utamtia hasara. Dada mpishi, msikilize binti yako. Mimi ni fundi wa mapaa, nakaa Likoni, na hiyo 14 yake naijua kwa sura. Nitakwambia nimekutana nayo wapi, lakini tumalize sinia kwanza.

Mkate waenea pande zote, hauendi upande mmoja tu. Chora mraba wa inchi 10 kwa 10 kwenye karatasi, uugawe miraba midogo ya inchi moja moja. Ukihesabu utapata 100. Sasa chora wa 20 kwa 20. Huo una 400. Ulichoongeza mara mbili ni upande, lakini nafasi ya ndani imekwenda mara nne, kwa sababu umetanua huku na umetanua na kule pia. Duara halina tofauti. Sinia ya 10, kutoka katikati hadi ukingoni ni 5. Tano mara tano 25, mara 3.14, ile namba ya duara iitwayo pai, wapata 78.5. Sinia ya 20, katikati hadi ukingoni 10, kumi mara kumi 100, mara 3.14, wapata 314. Gawanya 314 kwa 78.5. Nne kamili.

Kwa hiyo ukichukua ile ya 20 na ukashika kimo chako kile kile, umempikia yule bi mkubwa mikate minne kwa bei ya miwili. Na ukimimina mchanganyiko wa mikate miwili humo ndani, kimo kitakuwa nusu. Utatoka chapati.

Sasa tugeuze. Wataka nafasi ya mara mbili, yaani ule mraba wetu uwe na miraba midogo 200. Upande gani ukijizidisha wenyewe watoa 200? Jaribu 14: kumi na nne mara kumi na nne ni 196. Jaribu 15: ni 225, umepitiliza. Basi ni 14 na kitu kidogo. Hiyo ndiyo skwea ruti, au kipeuo cha pili kama kiandikwavyo kitabuni: una nafasi mkononi, watafuta upande wake. Binti amefanya hivyo hivyo kwa njia ya mkato. Nafasi yaenda mara 2, basi upande waenda mara kipeuo cha 2, ambacho ni 1.414. Mara 10, ni 14.14.

Sinia ya 14 kamili yatoa 153.9, nawe ungetaka 157. Upungufu ni asilimia 2. Hata akija na mizani hataona.

Na bei, dada yangu, ni 800. Nakwambia mapema kwa sababu mteja atatazama sinia aseme "hii imezidi inchi nne tu, nifanyie 550". Hizo inchi nne zimebeba mkate mzima wa pili. Mwekee ule mdogo juu ya ule mkubwa aone mwenyewe nafasi iliyobaki pembeni.

Haya, mapaa. Paa la makuti lataka kusimama. Likilala, maji hukaa, makuti huoza, mwenye nyumba akakuita fundi mbovu. Mimi huweka kimo cha paa sawa na nusu ya upana wa nyumba. Nyumba ya futi 20, nusu yake 10, basi kilele nakipandisha futi 10 juu ya ukuta. Sasa lile kombamoyo, mti unaolala kutoka ukutani hadi kileleni, liwe na urefu gani? Nusu ya upana na kimo zakutana kwa kona ya mraba, na hapo kila upande waujizidisha, wajumlisha, kisha watafuta kipeuo: kumi mara kumi 100, kumi mara kumi nyingine 100, jumla 200, kipeuo chake 14.14. Yaani futi 14 na inchi mbili kasoro kidogo. Umeiona? Namba ya binti yako hiyo hiyo. Naongeza futi 2 za upenu, naagiza miti ya futi 17 nikate mwenyewe.

Mzee aliyenifunza kazi hakukanyaga shule na alama ya √ hakuijua. Alikuwa na kanuni yake: paa la hivi, kila futi moja ya chini, inchi 17 za mti. Futi 10, inchi 170, ambazo ni futi 14 na inchi 2. Mimi baadaye nikapiga kwa kikokotoo nikakuta tofauti yake haifiki thuluthi ya inchi. Msumeno wenyewe hula zaidi ya hapo ukikata vibaya.

Kopi na Lamineshoni

Hii mada imenigusa. Nina duka la kutoa kopi Mwembe Tayari, na 1.41 naibonyeza kila siku. Kwenye mashine, ukitaka kukuza karatasi ya A4 iwe A3, kitufe kimeandikwa 141%. Kurudisha A3 kuwa A4 ni 71%, kwa maana 1 ukigawa kwa 1.414 wapata 0.707.

Wateja hugombana nami hapa. Mtu huja na ramani ya ploti yake au cheti, asema "nikuzie mara mbili". Nikibonyeza 141 aona namwibia, kwake mara mbili ni 200. Huwa nachukua karatasi mbili za A4 nazilaza ubavu kwa ubavu juu ya A3 moja. Zaenea sawasawa, bila kuzidi wala kupungua. Ukibonyeza 200% kwenye A4 wahitaji karatasi ya A2, na hiyo ni A4 nne.

Vipimo vyenyewe vimepangwa makusudi. A4 ni milimita 210 kwa 297. Gawa 297 kwa 210, ni 1.414. Karatasi yenye umbo hilo ukiikata katikati, kila nusu yabaki na umbo lile lile la mama yake, ndiyo maana picha haivutiki wala haiachi kipande cheupe ukikuza au ukipunguza. Wajerumani waliufanya mpango huu kuwa kipimo rasmi mwaka 1922, nasi mpaka leo twanunua rimu za A4. Karatasi ya mraba au ya umbo jingine haifanyi hivyo. Jaribuni na picha ya pasipoti mtaona.

Mpishi wa Mshomoroni

Allah awazidishie. Fundi, nimechora miraba kwenye sakafu kwa chaki na binti akisimamia, sasa nimeelewa kwa macho. Na hiyo habari ya bei imenifungua, kumbe tangu zamani mikate yangu mikubwa nauza kwa kukisia upana.

Swali jingine. Nina trei ya mraba ya inchi 12 iliyobaki kwa mamangu, ya bati zito, nzuri. Nikiitumia hiyo badala ya kununua sinia mpya, itaenea mikate miwili? Na binti asema mwalimu wao hawaruhusu kikokotoo kwenye zoezi. Sasa hivi vipeuo visivyotoka kamili mtoto avipate vipi kwa kalamu?

Ticha wa Majengo

Mama, nafundisha hisabati, kwa hiyo hili ni langu. Tutumie trei yako kama zoezi la binti.

Sinia yako ya inchi 10 ina inchi za mraba 78.5. Mara mbili ni 157. Twataka trei ya mraba yenye nafasi ya 157, kwa hiyo twatafuta kipeuo cha pili cha 157. Mwambie afanye hivi: akisie kwanza. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144, kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169, basi jibu liko katikati. Aanze na 12. Agawe 157 kwa 12, apate 13.08. Kama 12 ingekuwa ndiyo, angepata 12 tena. Amepata kubwa zaidi, kwa hiyo 12 ni ndogo na 13.08 ni kubwa, na jibu lakaa kati yao. Achukue wastani wa hizo mbili: 12.54. Ajaribu: 12.54 mara 12.54 ni 157.25. Tayari ametua. Akitaka usahihi zaidi, agawe 157 kwa 12.54 na achukue wastani tena. Kila duru makosa hupungua kwa kasi ya ajabu, na hata akianza na kisio baya, tuseme 10, atafika, atachelewa kidogo tu.

Jibu la trei: ungehitaji ya inchi 12 na nusu. Hiyo ya mamako ya 12 ina nafasi 144, imepungua kama asilimia 8. Ukimimina mchanganyiko wote wa mikate miwili, kimo kitapanda kwa asilimia 9. Kama mkate wako una kimo cha inchi moja na nusu, kitaongezeka milimita 3 na kidogo. Nionavyo mimi katikati itaiva, lakini wewe ndiye mpishi. Angalia tu zile kona nne, moto wa makaa juu ya kifuniko hauzifikii sawa na katikati.

Njia hii ya kukisia, kugawa na kuchukua wastani aliieleza Heron wa Aleksandria, Misri, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Na kuna ushahidi mkongwe kuliko yeye kuwa watu walikuwa na njia nzuri ya kuvipata vipeuo. Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani kina kibao cha udongo cha Babeli, Iraki ya leo, kilichoandikwa kati ya miaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo. Kimechorwa mraba wenye mistari ya kona hadi kona, na juu ya mstari kuna namba 1, 24, 51, 10. Walihesabu kwa sitini sitini, kama dakika na sekunde zetu, kwa hiyo ni 1, jumlisha 24 kwa 60, jumlisha 51 kwa 3,600, jumlisha 10 kwa 216,000. Piga hesabu: 1.41421296. Hiyo ni ile ile ya binti yako, na kosa lake halifiki sehemu moja ya milioni. Kibao chenyewe hutosha kiganjani.

Na fundi, yule mzee wako nampigia saluti. Inchi 17 kwa inchi 12: 17 mara 17 ni 289, na 12 mara 12 mara mbili ni 288. Amezidisha moja tu! Ziko nyingine za ukoo huo: 7 kwa 5, ambapo 49 imekosa moja kufika 50, na 99 kwa 70, ambapo 9,801 imezidi 9,800 kwa moja. Haiji siku utapata iliyo sawa kabisa. Wagiriki walithibitisha zamani kuwa hakuna namba mbili nzima ambazo moja ukiigawa kwa nyingine utapata kipeuo cha 2 kamili. Ndiyo sababu simu ya mama ilijaza kioo na tarakimu bado zikawa zaendelea. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo huuliza kama basi namba hiyo ipo kweli. Nawaambia wachore mraba wa sentimita moja, ipo pale kona hadi kona, waiwekee rula.

Kijana wa Mikindani

Fundi, samahani nakuingilia. Nimeanza kujenga chumba kimoja na jiko. Waashi wangu walivuta uzi, wakapima tatu huku, nne huku, wakasema ikitoka tano kona iko sawa. Nikauliza kwa nini, wakanambia ndivyo tulivyofunzwa. Ni hesabu hii hii? Na naweza kuwakagua bila wao kujua?

Fundi Kombamoyo

Ni hiyo hiyo, mwanangu. Tatu mara tatu 9, nne mara nne 16, jumla 25, kipeuo chake 5. Namba zimechaguliwa kwa kuwa zatoka nzima, fundi hahitaji kalamu. Kama kutoka alama ya tatu hadi alama ya nne umepata pungufu ya tano, kona imejifunga. Ukipata zaidi, imefunguka. Sogeza uzi mpaka ikae.

Lakini futi 3 na 4 ni kipimo kidogo kwa nyumba. Ukikosea nusu inchi hapo, kosa lile latanuka kadiri ukuta unavyokwenda, na ufikapo mwisho wa ukuta wa futi 24 lishakuwa inchi tatu au zaidi. Waambie watumie 6, 8 na 10, au 9, 12 na 15 kama uwanja wawaruhusu. Uzi uwe wa nailoni uliovutwa sana, ule wa katani hubadilika urefu ukiloa umande.

Kuwakagua ni rahisi, nenda jioni wakishaondoka. Shika futikamba, na mwenzako mmoja. Kwanza pima kuta zinazotazamana, zitoshane mbili mbili. Wengi huruka hapa. Wapima kona hadi kona tu, wakiona zalingana hufurahi, kumbe ukuta wa mbele ni mfupi kuliko wa nyuma na umbo limekuwa la jembe. Kuta zikitoshana, ndipo upime kona hadi kona, zote mbili. Chumba cha futi 10 kwa 12: 100 na 144 ni 244, kipeuo chake 15.62. Kumbuka hiyo .62 ni ya futi, si inchi! Izidishe mara 12 upate inchi 7 na nusu hivi. Kwa hiyo kona hadi kona ni futi 15 na inchi 7 na nusu, pande zote mbili. Mimi hukubali tofauti ya robo inchi kwenye chumba kama hicho. Zaidi ya hapo nawaambia warudie, kwa sababu maumivu yake yaja kwenye vigae vya sakafu: ukifika ukutani unakata kila kigae mshazari, na mwenye nyumba ataliona hilo kila siku aingiapo chooni.

Ukinunua ploti fanya vivyo hivyo. Ile hamsini kwa mia ya kawaida, futi 50 kwa 100, bikoni (jiwe la mpaka) hadi bikoni ya kona inayoitazama kwa mshazari ni futi 111 na inchi 9 na nusu hivi. 2,500 jumlisha 10,000 ni 12,500, kipeuo 111.8. Ukipata 113 mshazari mmoja na 110 na nusu mshazari mwingine, ploti imelala. Pande zake zaweza kuwa 50 na 100 kweli, na muuzaji hajakudanganya kwa futikamba, lakini nyumba uliyochorewa haitakaa ndani yake vizuri. Mwite sorveya kabla hujachimba.

Ama wale watakaosema simu ina kikokotoo: mimi natumia, sikatai. Ila simu ukiiandikia mara mbili itakupa 20, wala haitakuuliza kama ni ya mkate.

Mzee wa Bandari

Nami niongeze la baharini, maana mapaa na mikate yametosha. Nilifanya kazi melini miaka mingi. Ukitaka kujua upeo wa macho uko umbali gani, chukua kimo cha macho yako juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake, zidisha kwa 3.57. Jibu ni kilomita.

Ukisimama ufukweni Nyali miguu ikiwa majini, macho yako mita 1.7 hivi, upeo ni kilomita 4 na nusu na kidogo tu. Watu hudhani waona mpaka Bara Hindi. Panda ghorofani macho yafike mita 16 juu ya maji, kipeuo chake 4, waona kilomita 14. Panda mita 64, kipeuo 8, kilomita 28 na nusu. Hapo mtaona kile alichosema fundi kwa njia nyingine: kuona mara mbili zaidi, sharti upande mara nne.

Na meli yenyewe ina kimo chake. Meli ya makasha ambayo sehemu yake ya juu iko mita 49, hiyo ni kipeuo 7, yaongeza kilomita 25. Jumlisha na 14 zako za ghorofani, waweza kukiona kilele chake ikiwa kilomita 39 nje, hali mwili wote bado umejificha chini ya upeo wa macho. Hewa nayo hukunja mwanga kidogo, kwa hiyo kikweli waona mbali zaidi ya hapo kidogo. Nanga, rangi na bendera utavisubiri.

Jirani wa Kongowea

Haya, kwa sinia nimesalimu amri. Nimechukua masufuria ya mke wangu nimepima maji, mmenishinda. Sasa nisaidieni na langu. Chama chetu kiliweka 100,000 kwenye biashara, baada ya miaka miwili ikawa 144,000. Mweka hazina asimama mbele ya watu asema tumekuwa tukipata faida ya asilimia 22 kila mwaka, kwa sababu 44 gawa kwa 2 ni 22. Faida hatukuitoa, ilibaki humo humo ikizunguka. Kuna skwea ruti hapo pia ama nimeanza kuiona kila mahali?

Ticha wa Majengo

Ipo, kaka. Faida ikibaki ndani, mwaka wa pili huzaliwa juu ya jumla mpya, haizaliwi juu ya zile 100,000 za mwanzo. Kwa hiyo pesa zimezidishwa na namba fulani mara mbili mfululizo, na mwisho zimekuwa mara 1.44. Namba gani ikijizidisha yatoa 1.44? Ni 1.2. Basi faida yenu ilikuwa asilimia 20 kwa mwaka. Hakiki: 100,000 ikawa 120,000 mwaka wa kwanza, na 120,000 ikaongezeka kwa 24,000 mwaka wa pili, jumla 144,000. Ingekuwa miaka mitatu tungetafuta kipeuo cha tatu, habari ni ile ile.

Asilimia 22 ingewapa 122,000 mwaka wa kwanza, na mwisho wa mwaka wa pili 148,840. Mkikutana tena, mwambie mweka hazina kwa upole kwamba kama kweli ni 22, wanachama wangependa kuziona hizo 4,840.